Dereva na Mtu wa Nyuma

Mtu pekee niliyewahi kumwona akifukuzwa jikoni kwa sababu ya jeshi la Wakushi ni Dereva. Ilikuwa Makongeni, Jumamosi asubuhi, na mimi nilikuwa nimepita kwao kuazima karai. Mkewe alitoka mlangoni ameshika kipande cha sabuni kilichochongwa kikawa na kichwa, mabega na kitu kama upinde, akauliza dunia nzima, "Nifulie hii ama niisalimie?" Dereva akajibu kwa heshima zote kwamba huyo ni mpiga upinde wa zama za kale, na haikufaa kumshika kichwa. Shuka zilikuwa zimelowekwa tayari. Yule mpiga upinde alienda na shuka.

Jina lake lilikuwepo, bila shaka, ila hakuna aliyelitumia. Reli ilikuwa imemstaafisha, na mtaa ulijaa watu wa reli, wakiwemo madereva wengine waliokuwa bado kazini. Hao waliitwa kwa majina ya watoto wao: Baba fulani, Baba fulani. Dereva alikuwa mmoja. Sitasema alizaliwa wapi wala katika ukoo gani, kwa sababu sikuwahi kumwuliza. Nilimkuta mzee tayari, na mzee ukimkuta unamchukua alivyo.

Lazima nieleze mchezo, maana bila mchezo Dereva haelezeki. Jumamosi alasiri, kwaya yetu ilipomaliza mazoezi katika ukumbi wa jamii, waliingia watu wengine wakaburuta meza ya tenisi hadi katikati na kuitandika blanketi la kijani. Chini ya blanketi waliweka vifuniko vya sufuria, na hivyo ndivyo vilikuwa vilima. Juu yake walipanga askari wa madini ya risasi, kila mmoja urefu wa kidole gumba: Warumi, Waajemi, Wamisri, Wakushi na pinde zao. Unapima hatua kwa utepe wa fundi cherehani, unasogeza watu wako, na ukimfikia adui unarusha dadu ili ijulikane nani ameanguka. Sanduku la kwanza la askari hao lilitoka kwa mhandisi mmoja aliyekuwa anarudi kwao akigawa vitu vyake. Lilikuja na kitabu cha kanuni ambacho panya walikuwa wamekula nusu. Nusu iliyoliwa tuliitunga wenyewe, na mpaka leo naamini yetu ilikuwa bora.

Nasema tuliitunga kana kwamba nilikuwepo tangu mwanzo. Ukweli ni kwamba nilibaki siku moja kwa ajili ya chai. Nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya eneo la viwanda, nimeimba mchana kutwa, nina njaa, na watu hawa walikuwa na mandazi. Dereva alinipa andazi na jeshi la Warumi kwa pamoja. "Shika hawa, mwanangu," alisema. "Hawana shukrani, lakini wana nidhamu." Kufikia jioni nilikuwa nimempiga Hajji, na mtu akishaonja kumpiga Hajji harudi tena kuwa mtu wa kwaya peke yake.

Hajji alikuwa mwenyekiti wa meza, mwenye duka la jumla la sukari na mchele. Aliwaongoza Waajemi wake kama alivyoongoza duka, taratibu, kwa tabasamu, mpaka unagundua umebanwa kwenye kona na umeshukuru. Yeye na Dereva walibishana juu ya kila kitu kilicho chini ya jua, na sijaona watu wawili waliohitajiana zaidi yao. Ugomvi wao wa kwanza, nilivyosimuliwa, ulihusu mwisho wa zama za kale. Hajji alitaka mpaka uwe kabla ya Mtume, ili asije mtu akamrushia dadu mtu anayeheshimiwa. Dereva, mzee wa kanisa, alitaka uwe kabla ya Yesu, kwa sababu hiyo hiyo. Wakasusiana kwa muda, hadi mtu mmoja akawaonyesha kwamba mpaka wa Dereva ukishikwa, wa Hajji unakuwa salama wenyewe. "Basi tuchukue wa Dereva," Hajji akasema, "umetangulia." Wakaanza kubishana kuhusu tembo.

Lakini kanuni iliyokuwa yetu hasa, ambayo sidhani ipo kwenye meza nyingine popote, ilihusu kuleta askari mpya. Huwezi kuja tu na sanamu mfukoni ukaiweka. Askari mpya huposewa meza. Anakuja amefungwa kwenye kitambaa safi, analetwa na mshenga, na wenye meza wanageuka wakwe: ametoka kwa watu gani, ana tabia gani, ataleta nini katika nyumba hii? Aliyembuni haruhusiwi kusema neno. Anakaa nje kwenye benchi kando ya mlango kama bwana arusi anayejua mahali pake. Maswali yakiisha, kila mtu anaamua kwa kikombe chake cha chai. Ukikiacha wima umekubali, ukikigeuza juu chini umekataa, na kikombe kimoja kilichogeuzwa kinatosha kuvunja posa. Aliyekubaliwa alipelekwa mtaa wa Baba Dogo, kwa Odush, fundi wa kuchomelea, ambaye naye alikuwa mchezaji. Odush aliyeyusha vile vipande vizito vya kusawazishia magurudumu ya magari, akamimina kwenye mchanga uliokandamizwa umbo la sanamu. Aliyekataliwa alirudi nyumbani.

Kwa Dereva, nyumbani maana yake ni ndani ya karai.

Kanuni hiyo ya posa aliitunga Dereva mwenyewe, na hapo ndipo palipokuwa uchungu wake na kicheko chetu. Kitu alichokitamani kuliko vyote ni kuona sanamu moja, moja tu, aliyoibuni yeye ikipewa nafasi kwenye ile meza. Haikuwahi kutokea. Hajji alishapitisha ngamia. Odush alipitisha mtupa kombeo. Hata mimi, mtu wa juzi, nilipitisha mpiga tarumbeta. Dereva, hakuna. Ng'ombe wa maskini hazai.

Wageni walidhani kosa ni mkono. Ndugu zake kule Ukambani walikuwa wachongaji wa vinyago, twiga na swala wa kung'aa, kwa hiyo kila mtu alitarajia kwamba Mkamba huyu akishika kisu, kitu kitatokea. Kitu kilitokea kweli, ila hakikutambulikana. Mti ulikuwa umemshinda tangu utotoni, ndiyo maana akahamia kwenye sabuni ya mche. Siku alipoleta tembo wa vita, Odush alimgeuzageuza mkononi, akampeleka dirishani kwenye mwanga, akarudi naye.

"Buda, manze, hii ni ndovu ama ni kabati?"

"Ni ndovu!" alipaza sauti Dereva kutoka kwenye benchi, akavunja kanuni yake mwenyewe, na posa ikafutwa papo hapo.

Mimi nasema mkono haukumponza. Kilichomponza ni kichwa chake. Wenzake walileta watu wa kuua, yeye akaleta watu ambao kila jemadari huwasahau. Alileta mpishi, akidai kwamba jeshi lisilo na mpishi ni kundi la wenye njaa walioshika mikuki. Hajji akauliza mpishi huyu anampiga nani, na vikombe vikageuka. Alileta punda, na kanuni yake kwamba kabla jeshi halijaondoka, lazima urushe dadu kujua kama punda amekubali. Odush alisikitika kabisa. "Mzae, mimi natoka job nimechoka, nakuja hapa ku-relax. Sasa tena nianze kubembeleza punda?" Alileta muuza maji ambaye huuzia majeshi yote mawili. Huyo Hajji alimcheka mpaka akafuta machozi, kisha akasema kwamba kwa haki hawezi kumhukumu kwa kuwa anamwona kama ndugu. Wengine wakamhukumu kwa niaba yake.

Mkewe hakuwahi kukanyaga ukumbini, ila alijua matokeo yote. Tulikutana kwenye kamba za kuanikia nguo. "Wiki hii nimefulia mpishi," aliniambia. "Ana povu zuri kuliko yule punda." Alisema hivyo kwa sauti ya kulalamika, lakini niliona siku moja anakata mche mpya wa sabuni, na kipande kikubwa akakiweka kando juu ya dirisha, mbali na maji. Sikumwuliza ni cha nani.

Dereva alikuwa mtu wa mambo mawili mawili. Alikuwa ameendesha treni kutoka pwani hadi ziwani, lakini kuvuka Jogoo Road kulimtoa jasho. Alisimama ukingoni, akanishika mkono wangu kwa nguvu, akisema magari hayana adabu. "Kitu kisicho na reli, mwanangu, utajuaje kinakwenda wapi?" Tukivuka, alikuwa wa kwanza kunikemea kwa kutembea polepole. Krismasi ikifika, mkewe alimwita jirani kuchinja jogoo, maana Dereva alikuwa ameingia chumbani na kuongeza sauti ya redio. Mezani sasa! Mezani aliwafyeka watu wangu huku akiniuliza hali ya mama yangu. Siku moja nilimlaumu kwa hilo. "Hawa ni madini," akanijibu. "Jogoo ana macho."

Saa aliipenda kuliko mchungaji alivyotaka. Mahubiri yakipitiliza, alitoa saa yake ya mfukoni, akaitazama, akairudisha bila kukunja uso. Mchungaji alikuwa amezaliwa na baba wa reli na aliielewa ishara. Waumini wote tulimtegemea Dereva kimoyomoyo, hasa siku za chakula cha harambee.

Na alikuwa na misemo yake. Ukimwuliza hali alisema, "Mvuke upo, reli ndiyo chakavu." Aliyekaribia kuoa, aliyekaribia mtihani, na mimi kila nilipotaka kuwakimbiza Warumi wangu kuzunguka kilima, sote tuliambiwa maneno yale yale: kona hupunguziwa mwendo kabla hujaingia. Nilimpuuza mara nyingi. Mara nyingi nilianguka.

Sasa nifike kwa Mtu wa Nyuma.

Siku hiyo Dereva alinijia na kitambaa kilichopigwa pasi, akaniomba niwe mshenga. Alinieleza kwa ufupi, akakaa kwenye benchi, akaweka mikono magotini. Ndani nilifungua kitambaa na watu wakasogea karibu, kwa sababu kwa mara ya kwanza ilionekana wazi kuwa ni mtu. Alikuwa amesimama wima, mkono mmoja umeinuliwa, umeshika fimbo yenye kipande cha nguo juu yake. Uso haukuwa na kitu, lakini ule mkono ulikuwa umechongwa kwa uangalifu ambao sikujua Dereva anao.

"Huyu ni nani?" aliuliza Hajji.

"Ni mtu anayetembea mwisho wa jeshi," nikasema. "Anaangalia kama wote wapo. Wakishatimia anainua nguo, wa mbele wanaondoka."

"Ana mkuki?"

"Hana."

"Ana mshale? Kombeo? Jiwe?"

"Ana fimbo."

"Anapiga nayo?"

"Hapigi, Hajji. Anaipunga."

Odush alikuwa ameshaanza kucheka. "Sista, wacha. Huyu ni makanga wa jeshi, kama wa matatu." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, nami nikacheka, sikuweza kujizuia. Vikombe vikageuka vyote. Nilipotoka na kitambaa mkononi Dereva alikuwa ameshasikia. Alizoea kukataliwa, na kwa kawaida alitoka hapo akiniambia kesho ataleta nini. Safari hii alikikunja kitambaa, akainuka.

Tulitembea pamoja hadi kwake. Njiani akaniuliza kama namjua gadi. Nikasema namjua, yule mtu wa behewa la mwisho. Akasema hapana, unaijua kazi, humjui mtu. Kisha akanieleza.

Alikuwa amefanya kazi na gadi mmoja kwa miaka mingi. Dereva mbele kwenye injini, gadi nyuma kabisa, na katikati treni nzima. Treni haiondoki mpaka gadi apeperushe bendera ya kijani, maana yake wote wameingia, milango imefungwa, hakuna aliyeachwa. Wakifika mwisho wa safari, huyu ana injini yake ya kukabidhi na yule ana mizigo yake, wakapungiana mikono kwa mbali, kila mtu akaenda kulala. "Naijua bendera yake kuliko uso wake," Dereva alisema. "Akiwa na furaha nilijua. Mtoto wake alipougua nilijua, mkono ulikuwa mzito. Sijawahi kula naye chakula, mwanangu. Hata chai."

Yule gadi aliugua kidogo tu, akafa. Siku aliyozikwa, Dereva alikuwa zamu. Gadi mwingine alipeperusha bendera, treni ikaondoka kwa saa yake kamili.

"Nilidhani tutasimama," aliniambia. "Hata kidogo tu. Kumbe treni haikujua."

Niliumia sana kusikia hayo, na niliona aibu kwa kile kicheko. Nikamwambia niruhusu nirudi niwaeleze, wakisikia hivyo watampokea leo leo. Akasimama katikati ya njia.

"Usiwaambie. Pale si matangani. Nataka apate nafasi kwa kanuni, kama askari mwingine yeyote. Akipewa kwa huruma, atakuwa amekaribishwa msibani, hajakaribishwa mezani."

Nikatunza siri. Wiki zilizofuata hakuleta sanamu nyingine. Alikuwa anachonga ile ile upya, akiibadilisha mkono, akiirefusha fimbo, na mkewe aliniambia sabuni hiyo hakuigusa.

Ndipo ikaja habari ya nyumba. Nyumba zile zilikuwa za wafanyakazi wa reli, na wastaafu waliokuwa wamebakizwa walitakiwa kuhama. Dereva na mkewe wangeenda Kayole, kwenye ghorofa alikopanga mwana wao. Mkewe alikwenda kumuaga Hajji dukani, akamweleza na kuhusu gadi, kwa vile yeye hakuwa ameapishwa na mtu. Jumamosi ya mwisho Dereva alifika na kitambaa chake, akakaa kwenye benchi. Nikaingia. Nilikuwa sijamaliza hata kufungua fundo.

"Mashallah, kijana mzuri," akasema Hajji haraka. "Mimi sina swali."

"Hata mimi," akasema Odush, akiangalia viatu vyake. "Yuko poa kabisa."

Vikombe vilisimama wima vyote, safi, kama askari wa gwaride. Mlango ukafunguka. Dereva aliingia, akawatazama mmoja mmoja.

"Mbona hamjauliza kitu?"

"Tumeridhika, Mzee," Hajji akasema.

"Hata binti aliyekwisha kutoroshwa huulizwa anatoka kwa nani. Juzi huyu alikuwa makanga. Leo amekuwa mkwe?" Akanyoosha mkono, akamchukua mtu wake, akamfunga tena kwa taratibu. "Mnaniaga, na ninashukuru. Lakini mimi sikuleta kwaheri. Nilileta posa."

Akatoka. Nilimfuata hadi barabarani, akakataa kushikwa mkono, akavuka peke yake. Ukumbini Hajji alikuwa amekaa na kikombe chake kilichojaa. "Tumemkosea," alisema. "Mtu anataka kubishaniwa, sisi tumempa pole."

Miezi ikapita. Meza ilipooza. Hajji alishinda kila Jumamosi na hakufurahi hata mara moja. Alianza kubishana na Odush kuhusu tembo, lakini Odush alikubali kila alichoambiwa, na ubishi ukafa. Mimi nilimfikiria sana yule Mtu wa Nyuma. Nikiwa kwenye taipu nilijiuliza: Hajji alikuwa na haki kuuliza anafanya nini. Askari asiyeongeza wala kupunguza kitu ni pambo. Mimi ndiye niliyekuwa mshenga, na mshenga mzuri haendi mdomo mtupu.

Kisha Jumamosi moja, kwaya ikiwa inafunga vitabu, nikamwona kwenye benchi. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Kayole, viatu vimejaa vumbi, amekonda, na sasa alitembea na fimbo. Kitambaa kilikuwa magotini. Nilimwamkia, nikamwuliza kwa nini hakupanda gari. Akanitazama kama niliyeuliza swali la kitoto.

"Kuna meza leo?" akauliza.

"Ipo."

"Basi nimekuja na posa." Akanipa kitambaa, akaegemea ukuta, akafumba macho.

Nikaingia, nikakiweka katikati. Hajji akaweka miwani. Nilijua kutokana na alivyokaa kwamba leo hatatoa bure.

"Tumeshamwona huyu. Hapigani. Ataongeza nini kwenye nyumba hii?"

"Askari wako waliokimbia," nikasema, "kwa kawaida wamepotea. Ukiwa na huyu, unarusha dadu, na namba ikikubali wanakusanyika kwake na kurudi vitani."

Hajji akatikisa kichwa. "Hapo umeniuzia faida peke yake. Mimi ni mfanyabiashara, dada. Kitu kisicho na hasara ni cha wizi. Hasara yake iko wapi?"

"Adui akimkamata, jeshi zima halisogei. Zamu nzima. Hakuna wa kuwaambia kwamba wametimia."

Niliona macho ya Hajji yakihama taratibu kutoka kwenye sanamu hadi kwa Wamisri wa Odush. Macho ya Odush nayo yakaelekea kwa Waajemi wa Hajji.

"Yaani nikimshika wa Hajji," Odush akasema polepole, "Hajji anakwama hapo, kila mtu?"

"Kila mtu."

"Hata ngamia?"

"Hata ngamia, Odush."

"Na wangu atalindwa na nani?" Hajji akaruka. "Huko nyuma sina mtu! Nitalazimika kutoa wapanda farasi. Hapana, hii ni hatari." Wakabishana, wakapima kwa utepe, wakasogeza vifuniko vya sufuria, wakaitana wajinga. Nilichungulia mlangoni. Dereva alikuwa bado amefumba macho, lakini mdomo wake ulikuwa unacheka. Hatimaye Hajji akanywa chai yake yote na kuweka kikombe wima kwa kishindo. Odush akafuata, na wengine wote. Hawakumkubali kwa upendo. Kila mmoja alimkubali kwa tamaa, akimwona tayari nyuma ya jeshi la mwenzake.

Tukamwita Dereva ndani. Hakuruka wala hakupiga makofi. "Mmemwuliza vizuri?"

"Tumemkausha," Hajji akasema, bado akihema.

"Basi tucheze."

Tukamtumia vile vile akiwa sabuni, kwa kuwa Odush angemmimina Jumatatu. Dereva alichukua Wakushi, mimi Warumi. Akampanga nyuma ya wapiga upinde, akamgeuza kidogo ili awaone wote. Tukacheza kwa muda mrefu, na alinichapa kama zamani, akiniuliza habari za mama yangu. Lakini nilikuwa nimeficha wapanda farasi nyuma ya kilima, na safari hii nilipunguza mwendo kabla ya kona. Walipotokeza upande wa pili, hapakuwa na mtu kati yao na Mtu wa Nyuma. Nikapima. Utepe ulifika.

Nilishika dadu na sikurusha. Nilikuwa nampenda yule mzee, na nilijua ametembea kutoka wapi na kwa ajili ya nani. Nikaanza kutafuta pengine pa kuwapeleka farasi wangu.

"Mwanangu," Dereva akasema, "mbona umefunga breki?"

"Naogopa, Mzee."

"Ukimwacha utakuwa umemtoa mezani. Rusha."

Nikarusha. Namba ilikuwa yangu. Nikamwinua yule mtu wa sabuni kwa vidole viwili, nikamweka kando ya kikombe changu.

Ikawa zamu ya Dereva. Hajji, kwa mazoea, akamsogezea dadu. Dereva hakuigusa. Alivua kofia, akaiweka magotini, akatazama safu zake za Wakushi, kila mmoja mahali pake, hakuna anayeruhusiwa hatua moja.

"Angalieni," alisema. "Wamesimama wote."

Odush alifungua mdomo aseme kitu, Hajji akamshika mkono. Hakuna aliyekunywa chai. Zamu ile tuliiacha ipite yote, na hakuna aliyeiharakisha.